Jinsi ya Kuendesha Shindano la Mafumbo Darasani

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia kipindi cha mwisho cha Ijumaa katika Gredi ya 8 kwa shindano la mafumbo, kwa sababu saa hiyo hata mwanafunzi mtulivu huanza kuhesabu dakika za kwenda nyumbani. Mpangilio ninaoueleza hapa hutoshea katika dakika 40, kwa darasa la wanafunzi 48.

Hatua ya 1: Panga makundi wewe mwenyewe. Ukiwaachia wachaguane, wepesi wa hesabu watajikusanya pamoja na shindano litakuwa limekwisha kabla halijaanza. Mimi huwaweka wanne wanne, na kila kundi huwa na angalau mmoja ambaye kwa kawaida hasemi neno darasani.

Hatua ya 2: Anza na fumbo linaloshikika kwa mikono. Mtu anataka kuvuka mto akiwa na chui, mbuzi na majani, na mtumbwi wake hubeba yeye pamoja na kimoja tu. Chui akiachwa na mbuzi atamla, na mbuzi akiachwa na majani atayamaliza. Kwa kuwa wengi wamekwisha kulisikia nyumbani, usiulize tu namna ya kuvuka, bali uliza ni safari ngapi kwa uchache na kwa nini haziwezi kupungua. Kila kundi lipewe vizibo vitatu vya soda na kipande cha karatasi kiwe mtumbwi. Jibu ni safari saba, kwenda na kurudi, na wengi hukwama katika ile ya nne, ambapo mbuzi aliyekwisha kuvushwa hana budi kurudishwa. Niliwahi kumwona msichana mmoja akikibana kizibo cha mbuzi kati ya vidole vyake, akikataa kabisa kukirudisha, huku wenzake wakimsihi.

Hatua ya 3: Gawa alama kwa kufuata maelezo, si kasi. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni: nilimpa alama aliyenyosha mkono kwanza, na baada ya wiki tatu walikuwa wakijibu wanafunzi wale wale watano, wengine wamelaza vichwa juu ya madawati. Siku hizi jibu sahihi lina alama 1 na maelezo yake yana alama 3. Kila mwanakundi huwa na namba, kuanzia 1 hadi 4, nami huchomoa karatasi moja kutoka kwenye kikombe ili kumpata msemaji. Kwa kuwa hakuna ajuaye nani ataitwa, aliyeelewa hulazimika kumwelewesha mwenzake mapema.

Hatua ya 4: Dakika zikibaki, wape mraba wa vyumba tisa waujaze namba 1 hadi 9 ili kila safu, wima, mlalo na mshazari, ijumlishe 15. Dokezo la kutosha ni kuwauliza namba gani itakaa katikati. (Ni 5.)

Hatua ya 5: Usitoe zawadi ya pesa wala alama za mtihani. Kundi lililoshinda lipewe haki ya kutega fumbo la Ijumaa inayofuata, kwa sharti kwamba likuletee fumbo hilo pamoja na jibu ifikapo Jumatano. Sharti hilo niliongeza baada ya kundi moja kututegea fumbo ambalo lenyewe halikuwa na jibu lake, na kengele ikalia tungali tunabishana.