Bumu likikata, chai isishushie maharage

Wanafunzi wa chuo, hasa akina dada: bumu (ile pesa ya mkopo ya kujikimu) likikata na sahani ikabaki wali maharage kila siku, msijione mmeishiwa kabisa. Maharage yana madini ya chuma, na msichana anayepata hedhi anahitaji kama miligramu 18 kwa siku; mvulana wa umri huohuo zinamtosha 8. Shida ni ile chai ya rangi ya kushushia. Chai hupunguza kiasi cha chuma cha maharage na mchicha kinachofyonzwa mwilini. Isubirishe kama saa moja hivi baada ya kula. Badala yake mwombe mama ntilie kipande cha ndimu ukamulie kwenye mboga, au tafuna chungwa baada ya kula: vitamini C husaidia chuma kiingie. Dagaa wakiwepo, ongeza kijiko.

Nanyi kaka zangu wa chipsi mayai usiku wa manane, mnashiba kweli, ila mboga za majani mnazionea wapi? Hata kachumbari mnaisukuma pembeni! Na anayeruka kifungua kinywa ili apunguze mwili, mara nyingi ndiye anayemaliza maandazi ya mwenzake chumbani saa kumi jioni.