"Hilo linaamuliwa Ulaya": namna ya kumpata mfanyakazi mwenzako aliyekaa kwenye bodi

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye hoteli moja ya Kiwengwa, Zanzibar, upande wa vyumba. Meneja wetu ana jibu moja kwa kila tunaloomba: "Hilo linaamuliwa Ulaya." Haya, tuwafuate huko huko: baadhi ya nchi za Ulaya zinazilazimisha kampuni kuwapa wafanyakazi viti kwenye bodi, na aliyekaa kwenye kiti hicho ndiye wa kumwandikia.

Anza na mkataba wako wa kazi. Jina la getini ni la biashara tu. Mwajiri ameandikwa kwenye mkataba. Angalia nani mwenye mali na nani anayeendesha, maana mara nyingi ni kampuni mbili mbali mbali. Kisha ujue kampuni mama imesajiliwa nchi gani. Ikiwa Uingereza au Italia, usijichoshe: sheria za huko haziilazimishi kampuni kuwapa wafanyakazi viti kwenye bodi. Uswidi inaanzia kampuni yenye wafanyakazi 25, Denmark 35. Ujerumani ndiko kwenye uzito. Kampuni ikipita wafanyakazi 500, theluthi ya bodi ya usimamizi, ile inayowaangalia wakurugenzi, ni yao; ikipita 2,000, ni nusu, kwa sheria ya 1976. Nusu hiyo isikulevye lakini. Kura zikifungana, mwenyekiti hupiga ya pili, naye kwa kawaida ni mtu wa wenye hisa.

Wewe kura ya kuwachagua wawakilishi hao huna. Mwaka 2017 mwenye hisa mmoja wa TUI, kampuni ya utalii ya Ujerumani, alidai mbele ya Mahakama ya Umoja wa Ulaya kwamba ni makosa kuwanyima kura wafanyakazi walio nje ya Ujerumani. Akashindwa. Ikiwa wa Ufaransa hapigi, sisi wa Kiwengwa ndiyo tusahau kabisa.

Barua, hata hivyo, hakuna aliyekukataza. Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni, iko bure mtandaoni, utafute ukurasa wa majina ya bodi. Wa wafanyakazi mara nyingi huwekewa alama ya nyota. Mchague anayetoka idara inayofanana na yako, si lazima mkubwa wao. Barua ipitie chama chako cha wafanyakazi, ili isiwe ya mtu mmoja.

Usiandike "tunanyanyaswa", hilo halina pa kushikwa. Andika hivi: "Kwenye mkataba ni vyumba 12 kwa zamu. Tangu Julai ni 17, mashuka yote yabadilishwe, na malipo ya ziada hakuna. Je, bodi inalijua hili?" Ambatanisha picha ya ratiba ya zamu, majina ya wenzako uyafute. Watembeza wageni wanaojua Kijerumani wapo Mji Mkongwe; mmoja mnunulie urojo akusomee barua kabla hujaituma.

Akikujibu, usimuulize kikao kimesema nini, kisheria amefungwa mdomo. Muulize kikao kijacho ni lini, na karatasi gani nyingine azitake kabla ya hapo.