Nakala ya diski nzima inayowaka: namna ya kuitengeneza kwa Clonezilla

Watu wengi wakisema wana bakapu, wanamaanisha folda ya picha na nyaraka iliyohifadhiwa kwenye flashi. Picha zitapona, sawa. Lakini diski ya kompyuta ikifa, bado una kazi ya kusakinisha Windows upya, kusaka draiva za printa, kuingiza leseni ya programu ya hesabu na kukumbuka nywila zote. Kwa duka au ofisi ndogo, hapo kazi imesimama. Ninachoelekeza hapa ni diski ya pili inayofanana kabisa na ya kwanza: unaifunga ndani ya kompyuta, unawasha, unaendelea pale ulipoishia.

Natumia Clonezilla, programu ya bure kutoka Taiwan. Inawaka yenyewe kutoka kwenye flashi bila kutegemea Windows, na kwa diski ya kawaida inanakili sehemu zenye data tu. Diski ya GB 500 iliyojaa GB 120 haichukui muda wa GB 500.

Hatua ya 1: Nunua diski sahihi

Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Chukua diski ya umbo lile lile lililomo ndani ya kompyuta yako: SATA ya inchi 2.5 (kisanduku bapa), au NVMe ya M.2 (kibao chembamba), pamoja na kesi ya USB ya kuiunganishia kwa nje wakati wa kunakili. Ukubwa uwe sawa au zaidi. Diski ya GB 512 haitaingia kwenye ya GB 500, hata kama nusu yake ni tupu.

Kwa nini umbo lile lile? Kwa sababu Windows ya kawaida haikuundwa kuwaka kutoka USB. Microsoft waliwahi kuwa na Windows To Go kwa kazi hiyo, wakaiondoa mwaka 2020. Nakala ikiwa bado kwenye kesi ya nje, mara nyingi utaona kioo cha bluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Usiogope wala usinakili upya. Diski hiyo hiyo ukiifunga ndani, inawaka.

Hatua ya 2: Iandae Windows

Fungua Command Prompt kama msimamizi, kisha andika:

chkdsk C: /f
powercfg /h off
manage-bde -status

Amri ya kwanza inakagua diski. Kubali kwa Y, kisha uwashe kompyuta upya ili ukaguzi ufanyike. Ya pili inaondoa ule uzimaji wa nusu ambao Windows huufanya ili iwahi kuwaka. Usipouondoa, Clonezilla inaweza kuikataa diski ikidhani bado inatumika. Ya tatu inakuonyesha kama BitLocker, kinga ya Windows ya kusimba data kwa ufunguo, imefunga data. Kompyuta nyingi mpya huja imefungwa bila mwenyewe kujua. Kama imefungwa, kwanza tafuta ufunguo wa kurejesha kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi. Kisha andika manage-bde -off C: na usubiri mpaka hali isomeke Fully Decrypted. Ukiharakisha, Clonezilla italazimika kunakili sehemu hiyo yote, tupu na isiyo tupu.

Hatua ya 3: Flashi

Pakua faili la ISO la Clonezilla na uliandike kwenye flashi kwa Rufus, programu ya bure ya kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika.

Hatua ya 4: Nakili

Chomeka diski mpya, flashi na chaja. Kwa kompyuta ya mezani tumia UPS, umeme usije ukakatika katikati. Washa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP, uchague flashi. Kwenye menyu chagua "device-device", "Beginner", halafu "disk_to_local_disk".

Sasa punguza mwendo. Clonezilla inauliza diski mbili: ya kwanza ni chanzo, ya pili ndiyo itakayofutwa. Majina yatakuwa kama nvme0n1 na sda, na hayo peke yake hayatoshi. Soma ukubwa na modeli, ulinganishe na lebo ya diski uliyonunua. Kama hizo mbili ni mapacha, soma namba ya seriali. Kabla ya kujibu "y", piga picha ya kioo na uisome tena kwenye simu.

Kwenye swali la patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) acha "-k0", na ukiulizwa kuhusu kipakiaji cha kuwashia kubali. Usijaribu kunakili C peke yake: mashine za sasa zinawaka kupitia patisheni ndogo ya EFI, mara nyingi MB 100 tu, na bila hiyo nakala haiwaki.

Hatua ya 5: Ijaribu

Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko, toa diski ya zamani na ufunge mpya. Washa. Fungua programu ya hesabu na utazame ingizo la mwisho. Tuma ukurasa mmoja kwenye printa. Bila jaribio hili, mimi sihesabu kwamba una bakapu.

Ukiridhika, rudisha ya zamani, washa tena BitLocker na uandike powercfg /h on. Usiziache zote mbili zimechomekwa: zina utambulisho mmoja, na Windows inaweza kuizima mojawapo. Ukiilazimisha iwake tena (Online), Windows inaibadilisha utambulisho, na nakala inaweza kugoma kuwaka.

Nakala hii haijafungwa kwa BitLocker, kwa hiyo yeyote atakayeiokota ataisoma. Iweke kwenye kabati lenye kufuli, jengo tofauti na ilipo kompyuta. Rudia kila mwezi, na kabla ya badiliko kubwa kama kuhama Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kila ukirudia, nakala ya zamani inafutika. Kwa hiyo mwenye hesabu za wateja anunue diski mbili, azitumie kwa zamu.