Namna ya kuwafikishia wakazi wa mtaa taarifa za halmashauri kabla uamuzi haujapita

Mwongozo huu ni wa watendaji wa mitaa, wenyeviti, wajumbe wa kamati za mitaa na vijana wanaojitolea katika kata 41 za Jiji la Dodoma. Wa vijiji vya Chamwino, Bahi au Kongwa nao wataukuta unafaa, isipokuwa kwao mkutano mkuu ni wa kijiji, chini yake kuna vitongoji, na sheria inayowahusu ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287. Sisi wa mjini tunaongozwa na ile ya Mamlaka za Miji, Sura 288.

Mitaa mingi matangazo yapo. Tatizo ni kwamba yanabandikwa jambo likiwa limeshaamuliwa, na hayasemi kiasi, tarehe wala nani anawajibika. Mkazi akisoma "mnatangaziwa kuwa mradi utaanza hivi karibuni" hana la kufanya na habari hiyo. Hatua zifuatazo zinalenga kumpa taarifa wakati bado anaweza kuuliza, kupinga au kupendekeza.

Hatua ya 1: Chora kalenda ya mwaka wa fedha

Mwaka wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Robo zake ni Julai–Septemba, Oktoba–Desemba, Januari–Machi na Aprili–Juni. Ziandike kwenye karatasi kubwa ofisini, kisha weka alama sehemu mbili.

Alama ya kwanza ni Oktoba hadi Desemba. Huo ndio wakati wa kuibua vipaumbele vya mtaa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vipelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha vifike halmashauri. Bunge linapojadili bajeti hapa Dodoma kuanzia Aprili, dirisha la mtaa limeshafungwa zamani. Mkazi anayekuja Mei kuomba kalavati au matundu ya vyoo vya shule mwambie ukweli: ombi lake halitaingia bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai hii, litasubiri ya mwaka utakaoufuata huo.

Alama ya pili ni mwanzo wa kila robo, kwa ajili ya taarifa ya mapato na matumizi ya robo iliyopita. Ile ya Julai–Septemba isomwe Oktoba mwanzoni, na hapo mkutano mmoja unafanya kazi mbili: kusoma hesabu na kuchagua miradi.

Hatua ya 2: Tenganisha mafungu ya fedha

Hapa ndipo mikutano inapogeuka vurugu. Mwananchi anauliza "hela zetu za taka ziko wapi?" na mtendaji anajibu kuhusu michango ya kivuko. Kabla hujaandika chochote, gawa fedha katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni fedha za halmashauri: leseni za biashara, ushuru wa masoko, ada ya taka na nyinginezo. Hizi hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, au kwa mashine ya kukusanyia mapato inayotoa risiti papo hapo. Mtaa hauzitumii. Tofauti na halmashauri ya kijiji, mtaa si chombo chenye hadhi ya kisheria ya kumiliki mali kwa jina lake, kwa hiyo usiandike fedha hizi kama mapato ya mtaa. Kazi yako ni kuwaeleza wakazi zinakwenda wapi, na kuwakumbusha kwamba anayepokea pesa taslimu bila risiti ya mashine wala namba ya malipo anapaswa kuulizwa palepale.

Kundi la pili ni fedha za taasisi zilizomo mtaani, yaani shule na zahanati. Ruzuku zao huingia kwenye akaunti zao wenyewe na husimamiwa na kamati zao. Mwombe mwalimu mkuu na mganga mfawidhi nakala ya taarifa waliyobandika kwao, uiweke kwenye ubao wako jinsi ilivyo. Usiifupishe, ukikosea tarakimu moja, lawama ni yako.

Kundi la tatu ni michango ya wananchi kwa kazi iliyokubaliwa mkutanoni. Hii ndiyo unayoitolea hesabu kamili mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika hesabu kwenye ukurasa mmoja

Tumia A4 moja, herufi za ukubwa wa 16 au zaidi, weusi kwenye karatasi nyeupe. Mfano huu ni wa kivuko cha waenda kwa miguu kwenye korongo, namba zake ni za kuonyeshea tu:

Salio la kuanzia: 185,000
Michango, kaya 124 kwa 10,000: 1,240,000
Jumla ya fedha: 1,425,000

Saruji, mifuko 30 kwa 17,000: 510,000
Nondo, 12 kwa 25,000: 300,000
Mchanga na kokoto, tripu 2 kwa 120,000: 240,000
Fundi, malipo ya awali: 160,000
Jumla ya matumizi: 1,210,000

Salio: 215,000
Kaya ambazo hazijachangia: 46

Idadi na bei ya kimoja viandikwe kila mstari. Ukiandika "vifaa vya ujenzi 1,050,000" umewanyima watu njia ya kukagua, na mjini hapa kila mtaa una mtu anayejua bei ya saruji ya wiki hii. Chini ya hesabu weka mistari miwili: risiti zinaonekana kwa nani, siku na saa ngapi, na hatua inayofuata ya kazi ni ipi, kwa tarehe.

Majina ya kaya 46 yasibandikwe. Mwenyekiti anaweza kudhani aibu italeta hela, lakini tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo limekuwa na uzito mwingine. Vivyo hivyo kwa namba za simu na za NIDA: orodha ya wanufaika yenye namba za simu zao ni zawadi kwa matapeli.

Jambo moja kuhusu mfano wenyewe: kivuko kikigusa hifadhi ya barabara kinahitaji kibali cha wasimamizi wa barabara kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji. Andika hali ya kibali kwenye taarifa. Watu wakichanga halafu kazi ikasimamishwa, safari nyingine hawachangi.

Hatua ya 4: Tengeneza ubao unaostahimili jua na upepo wa Dodoma

Karatasi iliyobandikwa kwa gundi kwenye ukuta wa ofisi Julai haimalizi wiki. Upepo wa kiangazi huing'oa, vumbi huifunika, na wino wa printa za rangi hupauka kwa jua. Chapisha kwa printa ya leza, au toa fotokopi ya nakala hiyo.

Nunua plaiwudi ya milimita 12. Shiti ya futi 4 kwa 8 ukiikata katikati unapata mbao mbili za futi 4 kwa 4. Moja ofisini, nyingine kwenye kituo cha daladala, kisima au duka linalojaa watu jioni. Ubao mmoja unabeba karatasi 12 za A4, nne kwa upana na tatu kwa urefu, zikiwa na nafasi ya kutosha katikati. Paka rangi ya mafuta pande zote mbili hata kingo, maana plaiwudi hufumuka kuanzia kingoni mvua za Desemba zikianza. Juu weka kipande cha bati kilichotokeza sentimita 20. Ubao utazame kusini au uwe chini ya kibaraza. Katikati yake pawe kama sentimita 140 kutoka ardhini, anayetumia kiti cha magurudumu na mwanafunzi wa shule ya msingi wasome pia.

Gawa ubao sehemu tatu kwa utepe: FEDHA, MIKUTANO NA MAAMUZI, HUDUMA. Kila karatasi iwe na tarehe ya kubandikwa na ya kuondolewa. Ubao wenye tangazo la chanjo la mwaka juzi haumvuti mtu asome la leo, na hili hupuuzwa kuliko yote. Mpe mjumbe mmoja wa kamati jukumu la kuusafisha kila Jumatatu.

Hatua ya 5: Bandika orodha ya nani anahusika na nini

Karatasi hii ibaki kwenye HUDUMA mwaka mzima. Inapunguza foleni ofisini kwa sababu malalamiko mengi yanayoletwa kwa mtendaji wa mtaa si ya halmashauri kabisa.

Barabara za ndani na mitaro yake ni TARURA tangu 2017. Barabara kuu za kwenda Dar es Salaam, Iringa, Singida na Arusha ni TANROADS. Maji na majitaka mjini ni DUWASA. Umeme ni TANESCO. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, hivyo mpangaji anayenunua umeme kwa mita ya mwenye nyumba ajue anamlipia, wapatane. Taka, masoko, leseni, shule za msingi na sekondari za serikali na zahanati ni Halmashauri ya Jiji. Viwanja pia: CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilivunjwa 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, kwa hiyo mwenye karatasi za zamani za CDA aanzie ofisi za ardhi za Jiji akiwa na nakala zake zote.

Kwa kila taasisi andika namba ya huduma kwa wateja iliyotangazwa na taasisi yenyewe. Usiweke namba binafsi ya fundi au afisa unayefahamiana naye. Akihamishwa, orodha yako imekufa.

Hatua ya 6: Itisha mkutano watu wafike

Toa siku saba. Tangazo liwe na siku, tarehe, saa, mahali na ajenda zilizoandikwa kwa maneno ya kueleweka. "Kuchagua miradi mitatu ya kupeleka kata kwa bajeti ijayo" ni ajenda. "Maendeleo" si ajenda.

Mjumbe wa mkutano ni mkazi yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea. Wapangaji wamo, wanafunzi waliopanga mtaani nao wamo. Mialiko inayopita kwa wenye nyumba peke yao huacha nje watu wengi sana Nkuhungu, Makulu au Ng'ong'ona. Na mabalozi wa nyumba kumi ni ngazi ya chama. Wakisaidia kueneza habari ni vizuri, ila wasiwe njia pekee, maana wapo wakazi watakaouona mkutano si wao.

Saa ina uzito kuliko kipaza sauti. Wafanyakazi wa Mji wa Serikali Mtumba hurudi jioni, wakulima wakati wa mvua wako shambani tangu alfajiri, Ijumaa mchana kuna swala, Jumapili asubuhi kuna ibada. Jumapili saa 9 alasiri huwafaa walio wengi. Siku moja kabla, pitisha boda yenye spika asubuhi na jioni, dakika zisizozidi mbili kila kituo. Kwa mitaa ya pembezoni kama ya Hombolo na Chihanga, rudia tangazo kwa Kigogo kwa ajili ya wazee.

Mkutanoni soma kwanza yatokanayo na mkutano uliopita: nini kiliamuliwa, kimefikia wapi, kimekwama kwa nani. Halafu fedha. Miradi ije baada ya hapo. "Mengineyo" ipewe dakika 20, la sivyo itameza yote. Wanawake wakiwa wamekaa nyuma na hawasemi, anza maswali upande wao kabla ya wazee wa mbele; ukiwasubiri wanyooshe mikono, jua litazama.

Kura ya kuchagua miradi ihesabiwe kwa sauti na iandikwe kwa idadi kwenye muhtasari. Kata ikija kubadilisha mpangilio wenu, idadi hiyo ndiyo silaha ya mwenyekiti wenu kwenye kikao.

Hatua ya 7: Grupu la WhatsApp, kwa kiasi

Liwe la matangazo, maadmini pekee ndio wanaandika. Grupu la kila mtu kuandika hugeuka la salamu na picha za asubuhi ndani ya wiki mbili, watu wakanyamazisha sauti, na tangazo la kukatika maji halisomwi. Weka maadmini watatu: mtendaji, mwenyekiti na mjumbe mmoja wa kamati. Tuma picha ya karatasi ileile iliyo ubaoni, kisha andika maneno yake chini kwa wenye simu zisizofungua picha vizuri. Habari isiyo na barua au chanzo kinachotajika isitumwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimsamehe aliyesambaza uongo kwa sababu tu aliutoa grupu jingine.

Hatua ya 8: Kupata taarifa kutoka juu

Anza kwa diwani. Kabrasha la Baraza la Madiwani lina kurasa zinazohusu kata yenu. Omba hizo tu, si kitabu chote. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, na mtaa unaweza kumtuma mtu akae, asikilize na kuandika. Mwulizie pia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu: vikundi gani vya kata vimepata, na maombi yanapokelewa mpaka lini.

Ukikosa jibu, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwananchi anaandika barua kwa ofisi yenye taarifa, akitaja waraka anaoutaka na kipindi chake, mfano "taarifa ya utekelezaji wa mradi wa zahanati, Januari–Machi". Ofisi ina siku zisizozidi 30 kujibu. Barua yenye ombi la jumla, "naomba taarifa zote za fedha", hurudishwa au hulala. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, uirudishe kwenye faili la mtaa pamoja na mihtasari, orodha za mahudhurio na nakala za kila karatasi iliyoshuka kutoka ubaoni. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia muhuri huo.