Kuhamia ziwani na mashua ya matanga: Kisumu, Homa Bay, Mbita au Naivasha?

Wengi wanaohamia kando ya ziwa huanza na nyumba: vyumba vingapi, barabara ikoje, baraza inatazama wapi. Mwenye mashua ya matanga akifuata mpango huo ataishia na baraza nzuri juu ya maji na chombo kinachooza kilomita kumi kutoka hapo, kwa sababu karibu na nyumba hapana pa kukilaza. Tafuta kwanza diko, yaani mahali ambapo mashua inaweza kuondoka asubuhi, kurudi alasiri na kulala salama. Nyumba itafutwe baadaye, isizidi dakika ishirini za bodaboda kutoka diko hilo.

Upepo kwanza

Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, imelala mashariki hadi magharibi, na Kisumu iko kwenye ncha yake ya mashariki. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hivyo alfajiri upepo mwepesi hutoka bara kuelekea ziwani. Jua likishapanda, ardhi hupata joto na upepo hugeuka. Kuanzia kama saa tano au saa sita huanza kuvuma kutoka magharibi na kusini-magharibi, na hukaza kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Wavuvi wa matanga wamefuata hesabu hii tangu zamani: huondoka na upepo wa bara, hurudi na upepo wa ziwa.

Kwa anayeishi Kisumu maana yake ni kwamba safari ya asubuhi ni raha, lakini anayetaka kuondoka saa tisa baada ya kazi itambidi abishe, akienda upande huu na ule dhidi ya upepo, kwenye mawimbi mafupi yaliyosimama. Ghuba haina kina kirefu upande huo, na maji haba hufanya wimbi kuwa fupi na kali kuliko ukubwa wake. Kama kazi yako inakuachilia saa kumi tu, usichague ufuo unaotazama magharibi. Saa kumi na mbili na dakika 45 hivi jua limezama, na karibu na ikweta giza huingia haraka.

Dhoruba za jioni ndizo huwapata wageni. Mawingu hujijenga alasiri juu ya milima ya Nandi na Kericho, kisha hushuka kuelekea ziwani. Upepo wa ziwa hufa ghafla, hewa hutulia kwa muda mfupi, halafu upepo baridi hupiga kutoka mashariki pamoja na radi. Mashua iliyokingwa vizuri dhidi ya upepo wa magharibi inaweza kung'olewa usiku huo na kusukumwa katikati ya ghuba. Kwa hiyo unapokagua diko, uliza maswali mawili: mchana panakingwa na nini, na usiku panakingwa na nini? Mahali penye jibu moja tu panahitaji nanga mbili.

Tembelea kila ufuo mara mbili kwa siku moja, saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Ukiweza, nenda tena msimu mwingine, kwa sababu ufuo mtulivu wa Januari na ufuo huohuo mwezi wa Aprili hazifanani hata kidogo.

Pima kina mwenyewe

Chukua kamba ya mita kumi, funga chuma cha kilo moja mwishoni, tia fundo kila nusu mita. Panda mtumbwi na mwenyeji na upime kutoka ufuoni kwenda nje, ukiandika kina kila baada ya makasia ishirini. Unahitaji kina cha chombo chako pamoja na nusu mita ya akiba. Paka grisi au sabuni ya kipande chini ya chuma. Kitakachoganda hapo kitakuambia kama chini ni tope, mchanga au mawe. Tope hushika nanga vizuri, ila ikikaa wiki kadhaa huzama, na kuing'oa ni kazi ya watu wawili. Mawe hukata kamba, hivyo mita chache za mwisho ziwe mnyororo.

Kwa Winam, mashua yenye ubao wa katikati unaopandishwa inafaa kuliko yenye mkuku mrefu wa kudumu, yaani uti unaoshuka chini ya chombo. Mwenye mkuku wa mita moja na nusu ataziona fuo nyingi kwa macho tu. Karibu na midomo ya Nyando na Sondu-Miriu mito humwaga tope kila msimu wa mvua, na kina ulichopima mwaka jana hakikuhusu tena.

Ukitaka kuiacha mashua majini, kamba iwe mara tano hadi saba ya kina: kwenye mita tatu, mita 15 hadi 21. Hiyo ndiyo nafasi ambayo chombo kitazunguka, basi hakikisha hakuna mtumbwi mwingine ndani ya duara hilo. Ukitumia bonge la zege badala ya nanga, kumbuka kwamba zege hupoteza takribani asilimia 40 ya uzito wake likiwa ndani ya maji. Mafundi wengi hulisahau hili, na bonge hutembea.

Gugumaji

Hakuna kinachoharibu mpango wa mwenye matanga huku kama gugumaji. Liliingia upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo linahama kwa upepo kama zulia linalokokotwa. Ghuba ndogo inayotazama magharibi au kusini-magharibi hujazwa nalo alasiri, na upepo wa usiku hauna nguvu ya kulitoa lote. Likisukuma mashua iliyotiwa nanga, uzito wake hukokota nanga au hukata kamba. Injini nayo hunyonya nyuzi na mizizi kwenye tundu la maji ya kupoza na kuungua.

Usimtegemee dalali kwa habari hii. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zinatolewa bure kwenye intaneti na hurudi mahali palepale kila baada ya siku tano hivi. Fungua ramani ya Copernicus, mradi wa Ulaya unaotoa picha hizo, weka ufuo unaoutaka, kisha rudi nyuma miaka miwili, mwezi baada ya mwezi. Gugumaji huonekana kama madoa ya kijani kibichi juu ya maji ya kahawia. Mawingu yatakufichia picha nyingi za msimu wa mvua, lakini zilizobaki zinatosha. Ufuo uliozibwa kwa zaidi ya wiki tatu mfululizo mara mbili kwa mwaka ni ufuo wa kuweka mashua juu ya trela, si majini. Ukifika huko, tazama pia tabaka la gugumaji kavu ufukweni: upana wake unaonyesha huwa linafika wapi.

Maji hupanda

Viktoria lilivunja rekodi yake ya mwaka 1964 mwezi wa Mei 2020, kisha likaivunja tena mwaka 2024. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 lilipanda zaidi ya mita moja, na kwenye ufuo wa tambarare mita moja ya wima ni makumi ya mita za shamba. Naivasha halikubaki nyuma: mtaa wa Kihoto umeingiwa na maji zaidi ya mara moja.

Alama zipo wazi kwa anayezitafuta. Tazama miti iliyokufa ikiwa imesimama, mstari wa tope kwenye kuta za vyoo, nguzo za umeme zilizohamishwa. Muulize jirani mwenye umri maji yalifika wapi 2020, kisha chagua sakafu iliyo mita mbili au zaidi juu ya hapo. Ardhi iliyo kwenye ukanda wa hifadhi wa ziwa haijengwi hata kama muuzaji ana karatasi. Ulizia mpaka huo kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kulipa chochote.

Mahali kwa mahali

Kisumu ndipo penye kila kitu isipokuwa maji mazuri. Kuna uwanja wa ndege, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, shule, mafundi wa faiba na chuma, na maduka ya injini. Dunga ina wavuvi wanaojua kila kona, na mafunjo yake hukata wimbi kidogo, lakini gugumaji hulipenda eneo hilo. Panafaa kwa mwenye kazi ya mjini na chombo chepesi cha mita nne au tano kinacholala nchi kavu.

Homa Bay imekingwa na nchi upande wa kusini na magharibi, kwa hiyo alasiri ni tulivu kuliko Kisumu. Ni makao makuu ya kaunti, hivyo huduma zipo. Kasoro yake ni ileile: gugumaji likiingia kwenye ghuba yake, halina haraka ya kutoka. Kendu Bay iko katika hali hiyohiyo, na huduma ni chache zaidi.

Kwa anayetaka kusafiri kwa matanga hasa, Mbita na kisiwa cha Rusinga ndilo chaguo letu. Hapo ghuba hukutana na ziwa lenyewe: maji ni marefu na safi zaidi, na kisiwa hukupa pande mbili, hivyo upande mmoja ukichafuka unahamia mwingine. Visiwa vya Takawiri na Mfangano ni safari za siku. Zamani tuta lilikuwa limeziba mlango kati ya Mbita na Rusinga; sasa kuna daraja, na maji yanapita. Mwenye mlingoti apime urefu kutoka usawa wa maji hadi kileleni, apime na nafasi chini ya daraja siku hiyohiyo, kwani ziwa likipanda nafasi hupungua. Ubaya wa Mbita ni umbali: kipuri kidogo ni feri hadi Luanda Kotieno kisha barabara ya Kisumu, au mzunguko wa kupitia Homa Bay.

Usenge na Port Victoria zimekaa wazi mbele ya ziwa zima. Wimbi linatoka mbali, maficho ni machache, na mpaka wa Uganda uko karibu kiasi kwamba kupotea kidogo kunaweza kukuletea kesi. Upande wa Bunyala kuna pia mafuriko ya mto Nzoia. Si pa kuanzia.

Mkazi wa Nakuru asihangaike na ziwa la mjini kwake, maana limo ndani ya hifadhi ya taifa. Ziwa lake ni Naivasha, umbali wa takribani kilomita 70. Ni maji yasiyo na chumvi na ni madogo, asubuhi yametulia na alasiri upepo huja kwa mikupuo. Kwa kuwa liko karibu mita 1,890 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na upepo uleule husukuma tanga kwa nguvu ndogo kuliko Mombasa. Injini nayo hupoteza takribani asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda: karibu asilimia 11 Kisumu, karibu 19 Naivasha. Viboko ni wengi. Gati lisiwe kwenye njia yao ya kwenda malishoni usiku, na njia hiyo utaijua kwa nyasi zilizolazwa na kinyesi kilichotapakaa.

Nyumba yenyewe

Injini ndogo ya nje ina kilo 25 hadi 40 na huibwa kabla ya kitu kingine chochote. Kama huwezi kuifikisha nyumbani kila jioni kwa mkokoteni au boda, utahitaji mlinzi au chumba cha chuma ufukoni. Nyumba iwe na stoo kavu yenye urefu wa tanga lililokunjwa, bila panya. Maji ya ziwa hayana wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na hilo ni faida kubwa, ila mvua ikituama ndani ya mashua ya mbao huiozesha haraka. Paa la mabati juu ya trela litakulipa ndani ya mwaka.

Kichocho kipo kwenye maji tulivu yenye majani, hasa mchana. Weka matangi mawili: maji yaliyochotwa ziwani na kukaa siku mbili huwa salama kwa kuogea kwa upande wa kichocho, lakini si ya kunywa. Ukiingia majini kila wiki, pimwa kila mwaka. Malaria ni ya mwaka mzima, basi nyavu za madirisha zikaguliwe kabla ya rangi ya ukuta.

Karatasi

Chombo kisajiliwe na kukaguliwa na Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA, na kila aliyemo awe na jaketi la kuokoa maisha linalomtosha. Ufuo husimamiwa na BMU, yaani kikundi cha wenyeji cha kusimamia ufuo. Nenda kwa mwenyekiti kabla ya kuleta mashua, uliza ada ya kulaza chombo, uonyeshwe nyavu hutegwa wapi na vizimba vya samaki viko wapi. Vingi havina taa, na ukivigonga usiku utalipa samaki na tanga.

Panga nyumba kwa kodi mwaka mmoja kabla ya kununua. Kwenye mkataba iandikwe njia ya kufika majini inapita kwa nani na ina upana gani (trela inahitaji mita tatu), kodi inakuwaje maji yakipanda hadi uani, na nani analipa vibarua wa kuondoa gugumaji diko likizibwa.