Jinsi ya kuomba chuo cha misitu au cha viwanda vya misitu

Kabla ya kugusa fomu, amua unataka kazi ya upande upi. Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kinashughulika na mti ukiwa bado umesimama: vitalu, upandaji, kupunguza miti iliyosongamana, kupima kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini, kuzuia moto. Chuo cha Viwanda vya Misitu (FITI), Moshi, kinaanzia gogo likishafika kiwandani: kupasua, kukausha, kupanga madaraja ya mbao, kutunza misumeno. Hiyo ya misumeno wengi huidharau, na hapo wanakosea. Meno yakitanuliwa zaidi upande mmoja, msumeno unakwenda kombo, ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule, na gogo zuri la paini linaishia kuni. Fundi anayelijua tatizo hilo hakosi kazi kirahisi.

Mwenye kidato cha nne anahitaji angalau D nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Ataanzia ngazi ya 4 ya NTA (mfumo wa taifa wa tuzo za mafunzo ya ufundi) na kufika Stashahada, ngazi ya 6, kwa miaka mitatu. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na prinsipo moja (alama A hadi E) na sabsidiari moja (alama S) huomba Stashahada moja kwa moja. Kozi nyingine hutaka masomo maalumu, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, cha mwaka huohuo, si cha kaka yako.

Maombi hutumwa kwenye mfumo wa chuo chenyewe. Fungua akaunti kwa namba ya simu ambayo utaendelea kuwa nayo, kisha jaza namba ya mtihani: S ya shule au P ya mtahiniwa wa kujitegemea, tarakimu nne za kituo, nne zako, na mwaka. Uliyerudia mtihani, weka namba zote mbili, la sivyo mfumo utasoma matokeo ya mara moja tu na kukukataa.

Majina ndiyo huangusha watu. Cheti cha kuzaliwa kikisema Yohana na cha NECTA (Baraza la Mitihani) kikisema John, nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo mapema. Usisubiri siku ya kuripoti.

Mfumo ukidai ada ya maombi, utakupa namba ya malipo (kontroo namba). Lipia kwa namba hiyo tu, benki au kwa simu. Anayetaka umtumie fedha kwenye laini yake binafsi ni tapeli, hata akiijua kozi yako.

Vyeti viskani vikiwa bapa. Picha ya simu yenye kivuli juu ya muhuri hurudishwa. Kisha hakikisha umebonyeza kutuma. Kuhifadhi peke yake hakufikishi kitu chuoni, na fomu nyingi hulala hapo hadi dirisha linafungwa. Ukichaguliwa, pakua maelekezo ya kujiunga na upeleke fomu ya afya hospitali ikajazwe na daktari na kugongwa muhuri.