Fimbo namba ngapi kwa stilhedi? Uliza mto kwanza

Mtu akiniuliza anunue fimbo ya flai (ndoano iliyofungwa manyoya ionekane kama mdudu au kisamaki) namba ngapi kwa stilhedi mi namuuliza kwanza unaenda mto gani na msimu gani, sababu samaki mwenyewe mara nyingi ni kilo 3 mpaka 5 hivi na namba 6 mpaka 8 zote zitamtoa, kazi iko kwenye kile unachorusha. Stilhedi ni trauti yuleyule aliyepandwa mito ya Mlima Kenya enzi za mkoloni, ila huyu anashuka baharini, ananenepa huko, halafu anarudi mtoni kutaga, so ile namba 4 yako ya Nanyuki iache nyumbani.

Namba iliyoandikwa juu ya mpini ni ya mshipi ambao fimbo inabeba. Uzito wa futi 30 za mbele za mshipi namba 6 ni greni 160, namba 7 ni 185, namba 8 ni 210, yaani gramu 13 na nusu.

Kiangazi kwenye mto Deschutes kule Oregon, Marekani, flai ni ndogo na inapita karibu na juu ya maji, namba 6 au 7 inatosha kabisa na utamsikia samaki vizuri. Baridi sasa ni habari nyingine, nenda mto Hoh kule jimbo la Washington maji yamejaa, unafunga ncha ya kuzama kama T-14 ambayo kila futi ni greni 14, mbele yake flai la manyoya lenye macho ya chuma, jaribu kurusha hilo na namba 6 uone litakavyokupiga kisogoni. Hapo ni 8. Na ukimvuta taratibu na kijiti chepesi anachoka mpaka hata ukimwachia hafiki mbali, na kule Washington stilhedi wa asili lazima umwachie.

Salmon River ya New York, ile ya Pulaski, nayo beba 8 ya futi 10, maana vuli samoni wakubwa wanakuwa mto huohuo na hawakuulizi umemfuata nani.

Fimbo za mikono miwili ndo zinachanganya watu. Ukiona 7130-4 maana yake namba 7, futi 13, vipande 4, lakini hiyo 7 inabeba kichwa cha Skagit, yaani kile kipande kifupi kizito cha mbele ya mshipi, cha greni 500 hivi, zaidi ya mara mbili ya 7 ya mkono mmoja! Kwa hiyo kama 8 ndo saizi yako ya mkono mmoja, kwa mikono miwili 7 inatosha karibu kila mahali. Mshipi nunua kwa greni alizotaja aliyetengeneza fimbo, achana na namba ya kwenye boksi.

Dukani usiridhike kutikisa fimbo tupu, waambie waifunge mshipi utoke nayo nje kwenye nyasi urushe futi 40, ukiona unailazimisha kwa bega rudisha ujaribu nyingine.